Metre, shemeji anajua kuendesha lakini hana permi (leseni ya kuendesha): nimukopeshe motokari?

Swali lilikuja hivi kwangu mimi avoka (wakili, njo ule banaita Metre), nimelifupisha kidogo tu:

"Jambo Metre. Mimi niko Katuba, hapa Lubumbashi, niko na Noah moja nilinunua kwa jasho yangu. Shemeji yangu, mudogo wa bibi, anaendesha muzuri kabisa, miaka tano alikuwa anasukuma motokari za batu kule Kasumbalesa, lakini permi hana. Siku ya posho (Jumamosi) inayokuja anataka nimukopeshe Noah apeleke batu ya ndoa Likasi, na sasa ameanza kusema nimuachie hata siku zingine atafute nayo franga, atakuwa ananiletea kitu magaribi (jioni). Bibi ananikaza. Mi nikafikiri nimuandikishe karatasi, aseme kwamba mimi najua hana permi lakini chochote kikitokea ni juu yake yeye, mimi simo. Hiyo karatasi itanikinga? Ao nikatae tu nipigane na bibi?"

Baba wa Katuba, jambo sana. Nianze na karatasi juu njo imenitoa usingizi: usiiandike. Kama umeshaiandika, usimusainishe. Najua ulitafuta kujikinga, lakini siku Noah itagusa mutu kule njiani, mwenye kuitafuta ile karatasi atakuwa avoka wa familia ya ule mutu, ataisoma mbele ya juji polepole, mustari kwa mustari, "mimi fulani, najua kama shemeji hana permi". Basi, anakaa chini. Kitu kilichokuwa kigumu kwake kuhakikisha, kwamba wewe ulijua, umemupatia na sainyature juu.

Sasa nieleze juu ya nini, itakuwa refu, unisamehe.

Batu wengi hapa Lubumbashi banasema kosa ni la mwenye kushika volan. Bako na haki nusu. Konstitisyo yetu ya Kongo (RDC), sheria kubwa ya inchi, ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, artikle 17, inasema kosa la penali ni la mutu mumoja mumoja, hakuna mutu wa kukamatwa ao kuhukumiwa juu ya kitendo cha mwingine. Na iyo ikae kwenye kichwa, juu kuna siku itakusaidia: shemeji akigonga mutu akakimbia, alafu polisi inakuja kwako inabeba bibi ao mutoto wako mukubwa ati akae kasho mpaka yule ajitokeze, hiyo haiko sheria hata bakisema njo kawaida ya hapa. Lakini rudia kusoma: kitendo cha mwingine. Kutoa lufungulo ya Noah ni kitendo chako wewe mwenyewe. Ulisimama, ukaichukua pale inapotundikwa, ukamuwekea mukononi, ukijua. Hapo hautahukumiwa juu ya shemeji, utahukumiwa juu ya ule mukono wako.

Tuangalie penali kwanza, kisha franga, juu franga njo itakuumiza zaidi.

Kuendesha motokari bila permi ni kosa kwa Kode ya barabara, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa munane 1978. Hata kama hakuna aksida, hata kama amepaki muzuri, hata kama anaendesha kuliko weye na miye. Rulaji (polisi wa barabara) akimusimamisha pale kwenye peaje (penye kulipia njia) ya njia ya Likasi hatamuuliza miaka ya Kasumbalesa, atamuuliza kikaratasi. Alafu chukua Kode penali, ile ya dekre ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, artikle 22: kati ya ba komplisi (wenye kusaidia kosa) wamo wale waliotoa silaha, chombo ao njia ingine yoyote iliyotumika kufanya kosa, wakijua kama itatumika vile. Kosa ni kuendesha bila permi. Chombo ni Noah. Na hilo neno "wakijua" ni karatasi yako, tena. Artikle 23 inasema komplisi hapiti nusu ya azabu ya mwenye kosa, kwa hiyo sikutishe ati utaozea gereza ya Kasapa juu ya kukopesha motokari, hapana. Lakini dosye ni dosye, na mutu akishaingia kwenye dosye kutoka kunakula siku na kunakula franga.

Mambo inabadilika kabisa kama kuna mutu ameumia ao amekufa. Artikle 52 ya Kode penali inasema mwenye kosa ni yule alisababisha ubaya kwa kukosa kuona mbele ao kukosa kujichunga, bila kutaka kumuumiza mutu. Artikle 53, kama mutu amekufa, ni miezi tatu mpaka miaka mbili ya gereza na amande (faini). Artikle 54, kama ni kuumia, siku munane mpaka mwaka moja na amande. (Zile amande kwenye kitabu bado zimeandikwa kwa zaïre, pesa yenye batoto bako hawajai kuiona, usidanganyike ukifikiri ni kitu kidogo, korti inajua namna ya kuibadilisha.) Wa kwanza wa kushitakiwa hapo ni shemeji, hakuna mashaka. Lakini ona vile bameandika, hawakusema "mwenye kuendesha", bamesema mwenye kukosa kuona mbele. Mazistra wa parke (wenye kushitaki kwa jina la serikali) anaweza kujiuliza: mutu mwenye kuachilia tani moja na nusu ya chuma kwa mutu asiye na permi, kwenye barabara ya Likasi yenye kujaa makamyo ya minere, aliona mbele huyu? Mimi kama avoka wako nitapigana, nitasema aksida ilitoka kwa kamyo, ao kwa mvua, ao kwa pneu iliyopasuka, na kama ni kweli nitashinda, juu kukosa permi peke yake haigongi mutu, lazima bahakikishe kwamba kile ulikosa njo kilileta ubaya. Ni vita ya kweli, lakini sipendi uingie mu vita ambayo ungeliiepuka kwa kusema neno moja la hapana.

Dosye kama hiyo inaenda tribunali ya amani, tripe kama tunavyosema, juu azabu yake haivuke miaka tano. Na hapa njo kuna kitu batu hawajui. Familia ya marehemu haiko na lazima ya kufungua kesi ya pili juu ya franga. Inajiweka ndani ya ile ile kesi ya penali kama parti sivile (upande wenye kudai malipo), na inaomba korti ikuite weye mwenye motokari ukae pembeni ya shemeji kama sivilema responsabule, maana yake mutu mwenye kulipa. Hata kama parke haikukushitaki hata kidogo! Nimeona baba mumoja anafika pale na koti ya siku ya Mungu, anafikiri amekuja kumusindikiza mutoto wa ndugu yake tu, anasikia jina lake linaitwa, anageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine mwenye jina lile.

Sasa franga. Kitabu cha tatu cha Kode sivile, dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, mzee kuliko babu zetu lakini inafanya kazi kila siku. Shika artikle tatu zinazofuatana. 258, mwenye kosa lililoleta hasara analipa. 259, analipa pia juu ya uzembe wake na kukosa kujichunga. 260, analipa juu ya batu wenye anajibu juu yao na juu ya vitu vyenye viko chini ya ulinzi wake, la gardi tunasema. Avoka wa upande ule atashika zote tatu kama mutu anashika kuku na mikono miwili.

Kwa 260, mwenye motokari njo anadhaniwa kwanza kuwa gardien, na carte rose (karatasi ya mwenye motokari) iko na jina lako. Ni kweli gardi inaweza kuhama: ukimukopesha mutu motokari aende nayo kwenye shuguli zake, mwenyewe anachagua njia, saa, mwendo, unaweza kusema siku ile gardi ilikuwa kwake. Ni defense nzuri, naitumia, wakati ingine inapita. Lakini hata ikipita umetoka mulango mumoja tu, avoka anarudi na 259: sawa, gardi ilihama, lakini nani aliihamisha kwa mutu asiye na permi? Huo ni uzembe wako mwenyewe, hauhitaji gardi. Unaona sasa ile karatasi inakaa wapi? Ulifikiri ni ngao ya kukukinga, kumbe umewapatia fimbo.

Na ile maneno "chochote kikitokea ni juu yake" iko na nguvu kati yako na shemeji tu. Mama aliyefiwa na mutoto hakusaini kitu na ninyi. Ataenda kwa mwenye kuwa na kitu, na kati ya weye na shemeji, mwenye kuwa na kitu ni weye, uko na Noah na uko na parseli (kiwanja) Katuba. Kisha ukishalipa, unaweza kumugeukia shemeji na karatasi yako umudai. Umudai nini? Nyumba yenye anapanga?

Asiransi (bima). Hapa najua batu banajifariji, ati asiransi italipa. Tangu ordonansi-lwa nambari 73/013 ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1973 kila motokari lazima iwe na asiransi ya kulipia batu wengine wenye unaumiza, na tangu Kode ya asiransi ya 2015 haiko tena SONAS, kompani ya serikali, peke yake, kuna ma kompani ya prive pia, kwa hiyo kontra hazifanani. Toa yako kwenye kabati usome kurasa za nyuma, zile za herufi za sisimizi. Utakuta pale pameandikwa kwamba mwenye kuendesha lazima awe na permi inayofaa kwa ile motokari. Bila iyo, kompani inakuambia hii haikuwa ndani ya makubaliano. Ao inalipa walioumia kisha inakugeukia weye irudishe franga yake, na mi nakuambia, kudaiwa na asiransi ni kubaya kuliko kudaiwa na jirani, juu jirani anachokaga. Na Noah yenyewe ikiharibika? Ile asiransi ya lazima hailipi motokari yako hata na permi kumi, inalipa ya batu wengine. Hiyo unajitengenezea weye mwenyewe.

Sasa jambo la pili la swali lako, lenye umelipitisha haraka na mi naona njo baya zaidi: "nimuachie siku zingine atafute franga, ataniletea kitu magaribi". Baba, hiyo si kukopesha tena, hiyo ni versema (franga yenye shofa analetea mwenye motokari kila siku). Ukipokea versema kila siku, umepanga saa, umempa njia, umemuambia asipeleke motokari Kipushi, juji ataona shofa na patro (bosi) wake. Na patro, kwa ile ile artikle 260, anajibu juu ya kosa la mutumishi wake akiwa kazini, na hapo haiwezi kujitetea kwa kusema mimi nilimuchunga muzuri. Ile defense ya gardi kuhama inakufa palepale. Ongeza kwamba asiransi yako pengine iliandikwa kwa matumizi ya nyumbani, kubeba batu wa kulipa ni asiransi ingine, bei ingine. Kwa hiyo shofa hana permi, motokari haina asiransi ya taxi, patro ni weye. Sijui nikuambie nini zaidi.

Wale wenye bananiandikia juu ya mutoto wa nyumbani mwenye miaka 16 "anajifunza tu ndani ya quartier", jibu lao ni fupi: baba anajibu juu ya mutoto mudogo anayekaa naye, 260 tena, na hakuna karatasi mutoto anaweza kusaini.

Kuna batu banauliza: na kama nilidanganywa? Iyo ni tofauti kabisa. Kama mutu alikuonyesha permi, ukaiangalia, ukapiga foto, na kumbe ilikuwa permi ya bongo (ya uwongo), pale "kujua" hakuna, na uzembe ni mugumu kuhakikisha kama permi ilionekana ya kweli. Njo maana nawaambia kila mara: uliza permi hata ya kaka yako, hata ya pasta, angalia foto, angalia tarehe, angalia kategori, juu A ni ya moto (pikipiki), B ni motokari ya kawaida, C ni kamyo, D ni bisi, na manseba (mujomba) mwenye A haendeshi Noah yako. Piga foto na simu uiweke. Hiyo foto inakukinga kuliko karatasi kumi za kusainisha. Na kama alichukua motokari bila kukuuliza, weye umelala, basi asubuhi ileile enda polisi utoe deklarasyo, usingoje ati ni mutu wa nyumba atarudisha. Ukingoja siku tatu na aksida ikatokea siku ya pili, hakuna atakayekuamini kama haukumpa.

(Na mwenye kuuza motokari akaacha carte rose kwa jina lake juu mununuzi anaona mitasyo (kubadilisha jina) ni ya bei: weye pia uko ndani ya haya maneno, jina lako njo litaitwa kwanza. Nitaandika siku ingine.)

Kama ubaya umeshatokea, sikiliza muzuri. Najua batu hapa banakimbia juu ya kuogopa kuchomwa na kundi, na sitakuambia usimame katikati ya kundi lenye mawe. Lakini kimbilia polisi ya karibu ao hospitali, jitambulishe, sema nilitoka pale juu ya usalama. Kukimbia na kuacha mutu anavuja damu barabarani ni kosa lingine juu ya la kwanza. Kwa ofisa wa polisi jua kwamba garde à vue (kufungiwa kwa polisi) haivuke saa 48, artikle 18 ya Konstitisyo, kisha anakuachilia ao anakupeleka mbele ya parke. Omba avoka kabla ya kusaini PV (karatasi yenye polisi anaandika maneno yako). Usome PV, na ukiona bameandika "alijua kwamba hana permi" na haukusema vile, usisaini mpaka babadilishe. Na kama ulisema, ulisema, usinilete mimi nije kudanganya juji, sifanyagi ile.

Familia itakuja na neno la sanduku na la kilio. Saidia, ni utu na kwetu hauwezi kukaa kimya mutu amekufa, lakini andikisha kikaratasi kwamba ni musaada wa kilio, mukubali mushuhuda wa pande zote, na usiandike popote "nimekubali kosa". Na ujue kupatana na familia kunapunguza madai ya franga, kunaweza kumulainisha juji, lakini haiuwi kesi ya parke. Parke inaweza kuendelea hata familia imekula na weye kwenye sahani moja.

Nije kwa bibi sasa, juu naona njo swali lenyewe. Usimuambie "mudogo wako hajui kuendesha", utakuwa umetukana ukoo, na ni bongo, anajua. Muambie Metre amesema kama Noah ikigusa mutu na shemeji hana permi, parseli yetu njo italipa. Neno "parseli" linafanya kazi kuliko artikle zangu zote. Kisha usikatae na mikono mitupu. Siku ya posho tafuta shofa mwenye permi B, kwa barabara ya Likasi kilometa kama 120 kwenda na zile zile kurudi, na hiyo Noah yako kama ni ya volan kuume atakuwa anadubula (anapita) makamyo bila kuona mbele, kwa hiyo tafuta mwenye amezoea. Mulipe siku yake. Shemeji akae mbele pembeni yake, awe mukubwa wa safari, aonyeshe njia, batu wa ndoa bamuone yeye. Na ile franga ulikuwa unafikiri kupata kwa versema, ya mwezi wa kwanza ichukue umulipie auto-école na permi ya kweli ya CONADEP (ofisi ya serikali ya permi), mutu mwenye miaka tano ya Kasumbalesa hatakawia. Akishaipata tutaandika kontra ya kazi muzuri, tutabadilisha asiransi, na hapo nitakusainisha karatasi mimi mwenyewe.

Lakini akikuletea permi mupya kazi tano (Ijumaa) magaribi, ya haraka haraka, ingali inanuka wino, nitumie foto kwanza kabla ya kutoa lufungulo.